Taa za ziada: Mwongozo kwa wenye magari ya magurudumu manne Nyeri na miji ya Mlima Kenya

GIZA huingia kwa haraka katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Eneo hili limekaribiana na mstari wa Ikweta, unaopita Nanyuki, na kwa hivyo jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi jioni. Nusu saa baadaye usiku huwa umekwisha kutanda.

Wakati huo shughuli huwa hazijakoma. Mkulima wa Kieni bado anapakia viazi na kabichi za soko la Karatina, malori ya majani chai bado yanazunguka vituo vya Othaya na Tetu kabla ya kurejea viwandani, na magari ya miraa yanateremka kutoka Maua kwa kasi inayojulikana na kila mtu.

Ndiyo sababu taa za ziada, zile zinazofungwa mbele ya gari pamoja na taa za kawaida, zimekuwa kifaa cha kawaida kwenye Land Cruiser, Hilux, Land Rover, D-Max na Prado za eneo hili. Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya udongo, taa hizo si pambo.

Hata hivyo, wengi huzinunua kwa kutazama ukubwa, idadi au bei, bila kujiuliza zitafanya kazi gani. Matokeo yake ni gari lenye mwanga mwingi usiofika panapotakikana, waya zinazoyeyuka chini ya boneti, na mwendeshaji bodaboda aliyepofushwa akaingia mtaroni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua taa hizo, kuzifunga na kuzitumia bila kumdhuru mtu.

Umbali wa kuona na umbali wa kusimama

Taa za mbele za gari huwa na miali miwili: mwanga wa juu, ambao madereva huuita ‘fulu’, na mwanga wa chini, au ‘dimu’. Mwanga wa chini huinamishwa makusudi ili usimpige machoni anayekuja. Kwa hivyo mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara huonekana vyema akiwa umbali wa takriban mita 50 tu.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, gari huwa limekwisha kwenda mita 33. Kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 35 hivi kusimama, jumla ikiwa karibu mita 70. Kwenye changarawe iliyolowa, jumla hiyo hupita mita 100.

Maana yake ni kwamba anayeendesha kwa mwanga wa chini kwa kasi hiyo hawezi kusimama ndani ya eneo analoliona. Kasi inayolingana na mita 50 za kuona ni karibu kilomita 65 kwa saa kwenye lami kavu, na karibu 50 kwenye changarawe yenye maji. Taa nzuri za ziada hurefusha umbali huo pale ambapo hakuna gari linalokuja. Linapotokea gari jingine, taa hizo huzimwa na hesabu hurudi palepale, kwa hivyo kasi nayo haina budi kupunguzwa.

Anza na taa zilizopo

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari atafaidika kwa kuzikagua taa lilizokuja nazo. Mara nyingi tatizo analotaka kulitatua kwa taa za ziada huwa limesababishwa na uchakavu.

La kwanza ni lenzi. Magari mengi yaliyotumika Japani yana lenzi za plastiki ambazo kwa miaka ya jua hugeuka manjano na kufifia. Zinaweza kusuguliwa na kupakwa dawa ya kinga, au kubadilishwa. La pili ni kiakisi cha ndani. Kikianza kupoteza mng’ao kwa unyevu au kutu, hakuna balbu itakayokisaidia.

La tatu ni volti. Injini ikiwa inanguruma, betri ya gari la volti 12 hupaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4. Fundi apime betri, kisha apime kwenye soketi ya balbu huku taa zikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba mno, swichi iliyochoka au kiungo cha waya wa bodi kilicholiwa na kutu.

Jambo hili si dogo. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake, hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Gari kuukuu la aina ya Land Cruiser au Land Rover linaweza kupata mwanga mpya kabisa kwa kuwekewa waya wenye unene wa kutosha na relei zinazochota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, balbu zikiwa ni zile zile za wati 60 na 55.

La nne ni ulengaji, ambao utaelezwa baadaye.

Kosa moja linafaa kuepukwa hapa. Balbu ya LED au ya zenoni isipachikwe ndani ya taa iliyobuniwa kwa balbu ya halojeni. Kiakisi cha taa kimechongwa kufuatana na mahali hasa uzi wa halojeni unapowakia. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo au kusogea hata kidogo, miali hutawanyika: dereva huona weupe mwingi karibu na bampa na kudhani amepata faida, ilhali mbali haoni na anayekuja hupigwa machoni.

Aina nne za miali

Taa za ziada hutofautiana zaidi kwa umbo la mwali kuliko kwa chapa.

Aina ya kwanza ni spotilaiti. Mwali wake ni mwembamba na hufika mbali sana, lakini hauangazi kando. Hufaa barabara ndefu iliyonyooka kama ile ya kutoka Naro Moru kuelekea Nanyuki, na njia za nyanda za Laikipia.

Aina ya pili ni taa ya kuendeshea yenye mwali mpana kiasi. Haifiki mbali kama spotilaiti, ila huonyesha kingo za barabara, vichaka na mifugo iliyolala kando. Kwa barabara zenye kona nyingi za Othaya, Tetu, Chuka na Chogoria, hii ndiyo yenye manufaa zaidi.

Aina ya tatu ni taa ya ukungu. Mwali wake ni mpana, mfupi, na umekatwa bapa upande wa juu ili usipande hewani. Hufungwa chini, chini ya taa za mbele.

Aina ya nne ni taa ya kazi, ambayo humwaga mwanga kila upande. Imetengenezwa kwa ajili ya kupakia mizigo, kufunga kamba ya winchi au kubadilisha gurudumu gari likiwa limesimama. Kuiwasha gari likiwa barabarani ni kuwapofusha wengine bila faida yoyote.

Wengi wenye magari mawili ya kazi moja hugundua kwamba jozi ya taa zinazochanganya spotilaiti na mwali mpana huwatosha. Mchanganyiko huo pia hupatikana kwa kufunga taa mbili, ya upande wa dereva ikiwa ya mbali na ya upande wa abiria ikiwa pana, ili ukingo wa kushoto wanakotembea watu uangazwe vyema.

Halojeni, zenoni na LED

Balbu za halojeni zilianza kutumiwa kwenye magari barani Ulaya mwaka 1962, na ile ya H4 yenye nyuzi mbili ikafuata mwaka 1971. Ni rahisi, hupatikana katika kila duka la vipuri kuanzia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi Maua, na fundi yeyote anaweza kuibadilisha gizani. Udhaifu wake ni kula umeme mwingi na kuungua kutokana na mitikisiko.

Zenoni ilifuata katika miaka ya 1990. Hutoa mwanga mwingi zaidi kwa wati 35, lakini huhitaji kifaa cha kupandisha volti na huchukua sekunde kadhaa kufikia ukali wake kamili. Kwa taa inayozimwa na kuwashwa kila gari jingine linapopita, kasoro hiyo ni kubwa. Leo zenoni imepitwa na LED katika soko la taa za ziada.

LED huwaka papo hapo, hula umeme kidogo, na haina uzi wa kukatika. Baridi ya Mlima Kenya huifaa, kwa kuwa adui wake mkubwa ni joto. Ndiyo sababu taa nzuri ya LED huwa nzito: mgongo wake wa alumini wenye mapezi ndio unaoondoa joto. Taa nyepesi isiyo na mapezi ya maana hupungua mwanga baada ya dakika chache, na maisha yake huwa mafupi.

LED ina kasoro zake. Ikiharibika, mara nyingi hutupwa nzima. Zile za bei ya chini hutoa mawimbi yanayoingilia redio. Kwa magari ya ranchi na hifadhi za Laikipia yanayotegemea redio za mawasiliano, hilo ni tatizo la usalama. Jaribio ni rahisi: washa redio, kisha washa taa. Mkwaruzo ukitokea, taa hiyo irudishwe dukani.

Namba za kusoma kabla ya kulipa

Maboksi ya taa hubeba namba nyingi, na si zote zenye maana.

Lumeni hueleza wingi wa mwanga unaotolewa, si mahali unakoenda. Taa ya lumeni nyingi yenye kiakisi kibaya humwaga mwanga angani na mtaroni. Laksi ndiyo hueleza mwanga unaofika mahali fulani. Watengenezaji wanaoaminika huchapisha mchoro unaoonyesha umbali ambao mwanga hubaki laksi 1, kiasi ambacho ni takriban mara nne ya mwanga wa mwezi mpevu. Namba hiyo ni ya kulinganishia taa na taa. Haina maana kwamba dereva atamtambua mbuzi akiwa umbali huo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Anayetaka kuona mara mbili ya anavyoona sasa anahitaji ukali mara nne. Ndiyo sababu kuongeza taa ya nne au ya tano hakuleti mabadiliko makubwa kama yale yaliyoletwa na jozi ya kwanza.

Wati zinazotangazwa kwenye taa za LED ndizo zenye uongo mwingi. Zinaweza kuhakikiwa kwa mita ya fundi. Taa inayodai wati 300 kwa volti 12 inapaswa kuvuta ampea 25. Ikivuta ampea 5, hiyo ni taa ya wati 60, liwe lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa vipimo vya kelvini. Halojeni huwa karibu 3,200, na LED nyingi ni kati ya 5,000 na 6,000. Ikizidi 6,000 mwanga huelekea buluu, hurudishwa zaidi na matone ya mvua na kuyachosha macho. Kwa eneo lenye ukungu na matope mekundu, karibu 5,000 au chini yake ni chaguo la busara.

Alama ya E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi, huonyesha kwamba taa imepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magari. E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi na E11 ni Uingereza. Alama hiyo huigwa, lakini taa isiyo nayo kabisa haifai kuaminiwa barabarani.

Mwisho ni kinga dhidi ya vumbi na maji. IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii na taa yaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. IP69K huongeza uwezo wa kustahimili mashine za maji ya moto yenye nguvu, jambo la maana kwa gari linalooshwa kila wiki.

Ukungu wa Nyandarua na vumbi la Laikipia

Kati ya Juni na Agosti, mawingu hushuka hadi kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, na barabara za Ihururu, Kiandongoro na juu ya Othaya hufunikwa na ukungu mzito. Hapo mwanga wa juu huwa adui. Matone ya ukungu huurudisha machoni mwa dereva, naye huona ukuta mweupe. Spotilaiti na taa ndefu za LED zilizofungwa juu ya paa huzidisha ukuta huo.

Dawa ni kupunguza kasi, kuwasha mwanga wa chini na taa za ukungu zilizofungwa chini, ambazo hupitisha mwali chini ya macho ya dereva. Madereva wengi hupendelea taa za ukungu za manjano. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano hadi mwaka 1993, lakini faida ya rangi yenyewe ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Taa nyeupe iliyokatwa vizuri na kufungwa chini huishinda taa ya manjano iliyofungwa juu.

Vumbi la Laikipia wakati wa kiangazi hufanya kazi kama ukungu. Anayefuata gari jingine kwenye njia ya changarawe azime taa za mbali na aache nafasi.

Mashindano ya Safari Rally yana funzo katika hili. Tangu yalipoanza mwaka 1953, na kwa miongo mingi iliyofuata, yalipita kwenye barabara zinazouzunguka Mlima Kenya bila barabara hizo kufungwa kwa watumiaji wengine. Magari yalifungwa taa pembeni, juu ya mabawa, na kuziwasha hata mchana ili matatu au mkokoteni uliokuwa ukija uyaone katikati ya vumbi. Taa si ya kuona tu. Ni ya kuonekana pia.

Mahali pa kufunga

Mahali panapofaa zaidi ni mbele ya gari, kwenye bampa au chuma cha kinga, karibu na urefu wa taa za kawaida. Taa zisizibe rejeta kiasi cha kuzuia hewa, hasa kwa gari linalopanda milima likiwa na mzigo.

Taa za juu ya paa huvutia macho lakini zina hasara nyingi. Mwanga wake hupiga boneti na kumrudia dereva, huongeza kelele za upepo, hugonga matawi kwenye njia za msituni, na huwapofusha wengine kutoka mbali. Kwenye njia ya msitu ya Chogoria hadi lango la hifadhi, yenye matope na matawi yaliyoinama, taa ya paa inaweza isifike mwisho wa safari.

Kishikio kiwe cha chuma kinene. Taa inayotikisika hutoa mwali unaocheza, na macho ya dereva huchoka bila yeye kujua sababu. Nati za kuzuia wizi ni gharama ndogo kwa anayeegesha gari mjini.

Waya, relei na fyuzi

Hapa ndipo kazi nyingi za mafundi wa jua kali huharibika, na hapa ndipo magari hushika moto.

Umeme wa taa za ziada usipitishwe kwenye swichi ya ndani moja kwa moja. Utoke kwenye betri, upitie fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, uingie relei kwenye ncha namba 30 na kutokea namba 87 kwenda kwenye taa. Ncha namba 86 na 85 ndizo zinazoiamrisha relei ifunge: moja hupata umeme kutoka kwenye mwanga wa juu kupitia swichi ya dereva, na nyingine huunganishwa na bodi.

Kwa mpangilio huo taa za ziada huwaka tu mwanga wa juu unapowashwa, na huzimika zenyewe mara dereva anaposhusha taa. Huu ndio utaratibu ulio salama, kwa kuwa dereva hahitaji kutafuta swichi ya pili gari linapomkaribia ghafla kwenye kona.

Fundi aanze kwa kupima. Magari mengi ya Toyota, yakiwemo Land Cruiser na Hilux za miaka ya nyuma, huwasha taa kwa kuunganisha upande wa bodi badala ya upande wa umeme. Anayefuata mchoro wa kawaida kwenye gari la namna hiyo atashangaa kuona taa zikikataa kuwaka au zikiwaka kinyume. Magari mapya yenye taa za LED za kiwandani huendeshwa na kompyuta, na huhitaji kifaa maalum cha kuunganishia ili mfumo usisome hitilafu.

Unene wa waya hufuata ampea. Taa mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9. Waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 hutosha. Taa mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17, na huhitaji waya wa milimita mraba 4 na fyuzi ya 25. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, kuweka kubwa zaidi ni kuhamishia moto kwenye waya. Lori la volti 24 litafutiwe taa na relei za volti hizo.

Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira, na ule ulio karibu na injini upitishwe ndani ya bomba la plastiki linalostahimili joto.

Kulenga taa

Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na mzigo ukiwa wa kawaida. Kwa mwanga wa chini, mstari unaokata mwanga ukutani uwe sentimita 10 hadi 13 chini ya kimo cha taa yenyewe. Kitovu cha spotilaiti kiwe sawa na kimo chake au chini kidogo, kikitazama mbele moja kwa moja. Taa ya mwali mpana inaweza kugeuzwa kidogo upande wa kushoto.

Gari lililoinuliwa springi lilengwe upya. Vivyo hivyo pikapu inayobeba magunia ya viazi: mzigo wa nyuma huinua pua, na mwanga wa chini hugeuka kuwa mwanga wa juu bila dereva kugundua. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kushusha taa. Kimewekwa kwa sababu hiyo hasa, lakini ni wachache wanaokigusa.

Jambo jingine ni asili ya taa. Kenya huendesha upande wa kushoto kama Japani na Uingereza, na mwanga wa chini wa nchi hizo huinuka upande wa kushoto, mbali na anayekuja. Taa ya mbele iliyoagizwa kutoka Ujerumani au Marekani huinuka upande wa kulia na kumpiga machoni. Spotilaiti haina tofauti hiyo, kwa kuwa mwali wake ni sawa pande zote.

Sheria na utu

Taa za magari husimamiwa na Sheria ya Trafiki, Sura 403, pamoja na kanuni zake. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, pamoja na polisi wa trafiki, wamekuwa wakionya dhidi ya taa za LED zisizoidhinishwa. Taa nyekundu hazifai kuelekezwa mbele, na taa za kumetameta ni za magari ya dharura. Mwenye mashaka aulize kituo cha ukaguzi kabla ya kutoboa bampa. Kwenye lami, kufunika taa za ziada kwa vifuniko vyake ni njia rahisi ya kujiepusha na kosa.

Ndani ya hifadhi za KWS, zikiwemo Nyandarua na Mlima Kenya, magari ya wageni hayaruhusiwi kuzurura usiku. Taa kali huwasumbua wanyama na huweza kumghadhabisha ndovu. Hata nje ya hifadhi, dereva wa barabara ya Nanyuki kuelekea Meru, ambako ndovu wamekuwa wakivuka kupitia njia ya chini ya barabara tangu mwaka 2011, akimwona ndovu kando ashushe taa na kusubiri, asimmulike.

Kwenye barabara pana ya Kenol hadi Marua, ukingo wa kati huwahadaa madereva wakadhani mwanga wao hauwafikii wa upande wa pili. Huwafikia. Wanaoumizwa zaidi na mwanga mkali ni wasio na kioo wala chuma cha kuwakinga: mwenye baiskeli, mwendeshaji bodaboda na mtembea kwa miguu. Jicho lililopigwa na mwanga mkali huchukua sekunde kadhaa kurejea, na muda huo huongezeka kwa umri.

Chaguo kwa kila njia

Anayesafiri zaidi kwa lami kati ya Nyeri, Karatina na Nairobi pengine hahitaji taa za ziada. Taa za kiwandani zilizo safi na zilizolengwa vyema humtosha.

Wa Othaya, Tetu na Mukurwe-ini, kwenye kona na ukungu, atafaidika na taa za ukungu za chini na jozi moja ya mwali mpana.

Wa Kieni, Naro Moru na Laikipia achukue jozi inayochanganya mbali na upana, na ajizuie kuziwasha kwenye vumbi.

Anayepanda kwenda Sirimon au Chogoria aongeze taa moja ya kazi nyuma ya gari, yenye swichi yake, kwa ajili ya kugeuza na kujinasua kwenye matope.

Wa Embu, Chuka na Meru akumbuke kwamba kwenye miteremko breki hutangulia taa. Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Pesa za gari la milimani zianzie kwenye breki na magurudumu, zifike kwenye taa baadaye.

Baada ya kufunga, matunzo ni machache: lenzi ipanguswe matope kabla ya safari ya usiku, nati zikazwe kila baada ya barabara mbaya, na taa yenye ukungu wa maji ndani ikaushwe na kuzibwa upya. Ulengaji ukaguliwe kila gari linapotoka gereji. Kisha dereva amwombe mwenzake asimame mita 100 mbele, gari likiwa kwenye mwanga wa chini. Mwenzake akilazimika kufunika macho, kazi haijaisha.